MERIKEBU YA HEWANI ILIYOKUSUDIWA KUSHUKA NCHI YA WAMAKONDE

Katika habari za Vita Kuu ya mwaka 1914 hata 1918 zinazosimuliwa katika wilaya za Newala, Tandahimba na Masasi, husikika sana habari za kubeba mizigo, za njaa, na za askari wa pande zote mbili waliopita wakitwaa nafaka ghalani. Lakini iko habari moja ambayo wengi hawajapata kuisikia, ingawa nchi yao ndiyo iliyotajwa ndani yake. Mwezi wa Novemba mwaka 1917 Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa zamani, walituma kutoka Ulaya chombo kikubwa cha kuruka, kirefu kupita merikebu nyingi za baharini, kije kishuke juu ya uwanda wa Wamakonde kikiwa kimejaa risasi. Chombo hicho kilivuka bahari, kikapita jangwa la Misri, kikaingia nchi ya Sudani. Kisha usiku wa manane kikageuka na kurudi kilikotoka. Yafaa wasomaji wajue kilikuwa chombo gani, kiliundwa kwa sababu gani, na ni jambo gani lililokizuia kufika.

Asili ya jambo hili ni bunduki. Mtu asiyejua mambo ya silaha hudhani ya kuwa bunduki ni bunduki na risasi ni risasi. Sivyo hata kidogo. Vita ilipoanza, makampuni mengi ya askari wa Kijerumani katika nchi hii yalikuwa na bunduki ya namna ya mwaka 1871. Tundu la mtutu wake ni milimita 11, hutiwa kiasi kimoja tu kila mara, na baruti yake ni ile nyeusi ya zamani. Askari akiipiga, wingu la moshi hutoka na kusimama juu ya kichaka alichojificha, na adui huona mara moja mahali pa kuelekeza bombomu. Bunduki ya namna ya mwaka 1898 ni kitu kingine: tundu lake halifiki milimita 8, huchukua viasi vitano kwa pamoja, na baruti yake haitoi moshi wa kuonekana. Tena kiasi cha bunduki moja hakifai katika nyingine. Basi jeshi lenye bunduki mpya bila viasi vyake ni sawa na mtu mwenye kufuli nzuri na ufunguo wa mlango wa jirani.

Waingereza walikuwa wameifunga pwani yote kwa manowari zao. Kwa miaka ile yote merikebu mbili tu za shehena kutoka Ujerumani zilifaulu kupenya. Ya kwanza, jina lake Rubens, ilifika ghuba ya Manza upande wa kaskazini wa Tanga mwezi wa Aprili 1915. Manowari ya Kiingereza ikaipiga, ikazama karibu na pwani. Na ingawa Wajerumani walipiga mbizi wakaitoa sehemu kubwa ya shehena, viasi vilikuwa vimelowa maji ya chumvi. Iliwabidi kuvifungua, kukausha baruti, na kuvifunga tena kwa mikono, na hata baada ya kazi hiyo yote vingi havikulia vilipopigwa. Merikebu ya pili, Marie, ilikuja karibu na kwetu zaidi. Mwezi wa Machi 1916 ilitia nanga katika ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, ikashusha mizinga, risasi na dawa. Vitu hivyo viligawanywa kuwa mizigo ya watu, na wapagazi wakavichukua kwa miguu kuvipeleka kaskazini kwenye mapigano. Baada ya Marie haikuja tena nyingine.

Mwaka 1917 vita ilihamia kusini. Tarehe 15 hata 18 Oktoba palikuwa na mapigano makali sana huko Mahiwa, njia ya kutoka Lindi. Upande wa Waingereza walianguka watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa pamoja. Upande wa Wajerumani zaidi ya 500. Jemadari wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alihesabiwa kuwa ndiye mshindi, lakini ushindi huo ulimla risasi zake. Viasi vya bunduki mpya vilikaribia kwisha, na askari wengi wakabaki na bunduki ya moshi. Ndipo alipoanza kurudi nyuma kuelekea Chiwata na uwanda wa Wamakonde.

Huko Ulaya alikuwako daktari mmoja, Profesa Max Zupitza, aliyepata kufanya kazi katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika. Yeye ndiye aliyetoa shauri la kwamba, kwa kuwa njia ya bahari imefungwa, msaada upelekwe kwa njia ya hewa. Eropleni za siku zile zilikuwa za mbao na kitambaa, na mafuta yake yalitosha saa chache tu. Hazikuweza hata kuvuka jangwa. Lakini Wajerumani walikuwa na vyombo vingine vilivyoitwa kwa jina la bwana aliyeviunda, Ferdinand von Zeppelin, ambaye chombo chake cha kwanza kilipaa mwaka 1900. Shauri likakubaliwa, likafanywa siri, na katika barua za ofisini likaitwa jambo la China, ili mtu akisoma karatasi asifikiri Afrika.

Nieleze kidogo jinsi merikebu ya hewani ilivyo. Haina mabawa. Ni mfano wa mtumba mrefu sana, mifupa yake imefanywa kwa madini mepesi, na nje imevikwa nguo ya pamba iliyopakwa dawa. Ndani yake imepangwa mifuko mikubwa ya gesi ya haidrojeni, na mifuko hiyo hupakwa ngozi nyembamba ya utumbo wa ng'ombe ili gesi isivuje. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo hupanda juu kama povu lipandavyo majini. Meta moja ya ujazo ya gesi hiyo huinua uzito wa zaidi ya kilo moja kidogo. Injini hazikiinui chombo, kazi yake ni kukisukuma mbele tu. Ubaya wake ni huu: haidrojeni hushika moto upesi mno, cheche moja yatosha. Tena jua likiwaka gesi huvimba, na nyingine haina budi kutolewa. Usiku wa baridi gesi iliyosalia husinyaa, na chombo huwa kizito na kuanza kushuka. Kwa hiyo nahodha huchukua maji mengi, ayamwage kidogo kidogo chombo kinapozidi kushuka.

Chombo cha kwanza kilichotengenezwa kwa safari hii kiliitwa L 57. Tarehe 7 Oktoba 1917 kilipatwa na dhoruba huko Jüterbog, kikaharibika na kuungua. Mara wakatwaa kingine kilichokuwa kikiundwa Staaken karibu na Berlin, jina lake L 59. Wakakikata katikati na kukiongezea meta 30, urefu wake wote ukawa meta 226 na nusu, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa kwa urefu. Kiliingia gesi meta za ujazo 68,500, na kilikuwa na injini tano. Kiongozi wake aliwekwa Ludwig Bockholt, ofisa wa jeshi la majini, na pamoja na daktari Zupitza watu wote walikuwa 22.

Sasa msomaji ataniuliza: kingerudije Ulaya? Jibu ni kwamba hakikukusudiwa kurudi. Katika uwanda wa Wamakonde hapakuwa na haidrojeni wala banda la kukihifadhi, na maji yenyewe, kama kila mwenyeji ajuavyo, yalichotwa mabondeni kwa safari ndefu. Kwa hiyo waliowaza jambo hili waliunda chombo ambacho kila kipande chake kingetumika kikiisha kuvunjwa. Nguo ya nje ingekatwa iwe mahema na mavazi ya askari. Mifuko ya gesi ingefanywa magunia ya kulalia. Mifupa ya madini ingesimamishwa iwe mnara wa simu ya upepo. Njia ya kupitia ndani ya chombo, ambayo kwa desturi hufanywa kwa vitu vingine, ilitandikwa ngozi, ili ngozi hiyo ishonwe viatu. Injini zingezalisha umeme. Na mabaharia wenyewe wangeshika bunduki na kuingia katika safu za askari. Nimesoma habari za mitambo mingi ya vita, lakini sijaona mwingine ulioundwa kwa shabaha ya kuliwa wote, kama ng'ombe wa arusi, isibaki hata ngozi.

Mtu aliyezoea kazi ya stoo ataipenda orodha ya shehena yake. Bombomu 30. Viasi vya bunduki zaidi ya 300,000, mbali na vile vilivyokwisha kupangwa katika mikanda ya bombomu. Vipuri vya bunduki, mapanga ya kufyekea, darubini, vitu vya kushonea, barua, na magunia 61 ya dawa na vitambaa vya kufungia vidonda. Shehena yote ilikuwa kama tani 15. Na petroli ilizidi tani 20.

Hapa naomba machifu na walimu wasomao wafanye hesabu pamoja nami, maana habari za vita hupenda kusahau hesabu hii. Tani 15 ni kilo 15,000. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 25. Basi shehena ya merikebu ile moja ingekuwa mizigo 600, na kila mzigo wahitaji kichwa cha kuubeba; tena wabebaji 600 wahitaji wengine wa kuwabebea chakula. Wangetoka wapi? Wangetoka katika vijiji vya hapo hapo, katika nchi ambayo ghala zake zilikuwa zimekwisha kutazamwa na majeshi mawili, na ambayo vijana wake wengi walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na upande mmoja au mwingine. Katika vita hiyo wapagazi waliokufa kwa ugonjwa, njaa na uchovu walikuwa makumi ya maelfu, wengi kuliko askari waliouawa kwa risasi. Pia chombo chenyewe, ili kishuke salama, kilihitaji mamia ya watu wa kushika kamba chini, kama ilivyokuwa desturi huko kwao, na mahali peupe palipo sawa. Vichaka vya uwanda wa Wamakonde ni vya kushikana, mtu hupita kwa panga. Nani angefyeka, na kwa ujira gani, sijaona karatasi iliyoandika.

Mapema Novemba chombo kilihamishiwa Jamboli, katika nchi ya Bulgaria, kituo cha Wajerumani kilichokuwa karibu zaidi na Afrika. Mara mbili kikatoka na mara mbili kikarudi. Mara ya tatu, asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1917, kikashika safari. Kikapita Uturuki mpaka Smyrna, na usiku kikapita kisiwa cha Krete katikati ya dhoruba ya radi, jambo la kutisha kwa watu waliokaa chini ya meta elfu nyingi za haidrojeni. Asubuhi ya tarehe 22 kiliiona pwani ya Afrika upande wa Mersa Matruh. Ndipo jangwa likaanza. Hewa ya moto iliyopanda kutoka mchangani ilikitupa chombo juu na chini hata mabaharia, ambao walikuwa wamezoea bahari, wakashikwa na kichefuchefu. Mwanga wa mchanga uliwaumiza macho na vichwa. Wakapita penye chemchemi za Farafra na Dakhla. Mchana injini moja ikavunjika, nayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha mtambo wa kupeleka habari za simu ya upepo. Tangu saa hiyo waliweza kusikia, lakini hawakuweza kujibu.

Usiku, kama saa saba kasorobo kuingia tarehe 23, walipokuwa magharibi ya Khartoum, simu ya upepo ya Nauen karibu na Berlin ikawafikia. Iliwaambia ya kwamba ngome ya mwisho ya Lettow-Vorbeck imepotea, kwamba uwanda wote wa Wamakonde uko mikononi mwa Waingereza, na kwamba warudi mara moja. Jina la Newala katika simu hiyo liliandikwa Revala. Karani yeyote aliyewahi kuandika majina ya kwetu kwa kusikia tu hatalishangaa kosa hilo, ila si ajabu kuona jina la kilima chetu, hata likiwa limepotoka, likisafiri hewani usiku juu ya Sudani na kugeuza njia ya chombo kikubwa namna ile.

Wako wasimuliao ya kwamba simu hiyo ilikuwa hila ya mpelelezi wa Kiingereza aliyejifanya Mjerumani. Hadithi hiyo ni tamu, na ndiyo maana imeishi. Lakini amri ilitoka kwa wakubwa wa Kijerumani wenyewe, na jambo kubwa lililokuwamo lilikuwa kweli. Tazama yaliyotokea huku. Tarehe 17 Novemba, huko Nambindinga penye ukingo wa uwanda, Lettow-Vorbeck alichagua wenye nguvu na kuwaacha wagonjwa na majeruhi kwa mamia waangukie mikononi mwa Waingereza, kwa kuwa hakuwa na chakula cha kuwalisha wala risasi za kuwagawia wote. Akafika Newala, akachagua tena na kuacha tena. Tarehe 21, siku ile ile merikebu ilipoondoka Jamboli, Waingereza wakaingia Newala. Kwa hiyo mahali pa kushukia palikuwa pamekwisha kupotea kabla chombo hakijavuka Bahari ya Kati.

Je, kama wasingeisikia simu? Chombo kilikuwa kikienda wastani wa kilomita 71 kwa saa. Kutoka Khartoum mpaka Newala kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 3,000, yaani saa 42 hivi, na petroli iliyobaki ilizidi mahitaji hayo. Kingetokea juu ya Newala jioni ya tarehe 24. Lettow-Vorbeck alikuwa amekwisha kuelekea mto Ruvuma, wala hakuwa na mtambo wa kupeleka habari Ulaya kueleza alipo. Ama wangeshuka katikati ya Waingereza, ama wangezunguka juu ya Ruvuma wakitafuta moshi wa kambi. Kwa upande wa uundaji, hata hivyo, jaribio lenyewe halikushindwa. L 59 ilirudi Jamboli asubuhi ya tarehe 25 Novemba, baada ya kuponea chupuchupu kuanguka Uturuki gesi iliposinyaa kwa baridi ya usiku. Ilikuwa imekaa hewani saa 95 bila kushuka, na imekwenda kilomita 6,757. Na kutoka Jamboli mpaka Newala ni kama kilomita 6,000. Nguvu ya kufika ilikuwa nayo.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 25 Novemba, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma karibu na Ngomano, mahali mto Lugenda unapoingia, akawashambulia Wareno waliokuwa wamepiga kambi hapo. Mkubwa wao, Meja João Teixeira Pinto, akauawa, na kambi ikatekwa. Humo Wajerumani wakapata mamia ya bunduki mpya za Kireno na viasi vyake kama robo milioni. Wakaziharibu nyingi za bunduki zao za mwaka 1871 wakashika zile za Kireno. Kwa saa chache wakapata karibu kiasi kile kile cha risasi ambacho merikebu ya hewani ilikuwa ikikibeba kurudi Bulgaria. Siku tatu baadaye kikosi kingine cha Kijerumani, cha Kapteni Theodor Tafel kutoka Mahenge, kilichokuwa kikimtafuta Lettow-Vorbeck huku kusini bila kumwona, kilisalimu amri kwa njaa.

Mabaharia wa L 59 hawakuishi sana. Merikebu ilirekebishwa ichukue mabomu, na mwezi wa Machi 1918 ikaupiga mji wa Naples katika Italia. Tarehe 7 Aprili ilitoka tena Jamboli kwenda Malta. Jioni hiyo, karibu na mlango wa bahari wa Otranto, manowari ya Kijerumani iendayo chini ya maji ilipokuwa imeibuka, watu wake waliiona ikipita juu yao, kisha wakaona moto mkubwa angani. Bockholt na watu wake wote wakafa. Hakuna merikebu nyingine iliyoundwa ili ije ivunjwe Afrika.

Vita iliendelea Msumbiji, ikarudi nchi hii, ikaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo siku hizi ni Zambia. Tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili tangu siku ya Ngomano, Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Bunduki zilizopangwa chini siku hiyo zilizidi elfu moja, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.